Hansard ya Bunge mtandaoni: inafaa kiasi gani kumfuatilia kiongozi wa chuo aliyehamia siasa?

Ukitaka kujua kiongozi wa chuo kikuu alifanya nini baada ya kuingia siasa, tovuti ya Bunge la Tanzania inakupa vitu viwili bure: ukurasa wa wasifu wa mbunge, na Taarifa Rasmi ambayo kila mtu huiita Hansard. Wasifu ni wa kupitia haraka. Hansard ndiyo yenye mali, ila lazima ujue pa kuchimba.

Tuanze na wasifu. Unaonyesha shule, vyeti, ajira na nafasi za kisiasa, kila moja na miaka yake. Hauelezi mtu alifikaje pale, na hapo ndipo wengi hupotoka. Chukua Pius Msekwa. Alikuwa Katibu wa Bunge miaka ya mwanzo ya uhuru, kisha Katibu Mtendaji wa TANU. Dar es Salaam ilipopata chuo kikuu chake kamili mwaka 1970, akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, hadi 1977. Baadaye alikuwa Naibu Spika, Spika kuanzia 1994 hadi 2005, na Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara kuanzia 2007 hadi 2012. Ukisoma tarehe tupu kuanzia 1970 utadhani ni mtu wa chuo aliyeamua kujaribu siasa. Kumbe ni kinyume chake: alipelekwa chuoni akitokea chamani.

Angalia na vyeo. Mkuu wa Chuo wakati ule alikuwa Mwalimu Nyerere, aliyekuwa pia Rais wa nchi. Aliyeendesha chuo siku hadi siku ni Makamu. Kwa hiyo ukikuta neno "makamu" kwenye wasifu wa mtu wa chuo, usimshushe daraja. Huyo ndiye bosi wa chuo. Rasi wa ndaki (mkuu wa tawi kubwa la chuo), amidi (mkuu wa kitivo au shule) na amidi mshiriki, msaidizi wake, wako chini yake.

Sasa Hansard. Kosa la kwanza la kila mgeni ni kutafuta kwa jina. Fungua kikao cha mwaka 2004, andika "Msekwa", na utapelekwa kwenye mstari wa mwanzoni: "Spika (Mhe. Pius Msekwa) Alisoma Dua". Baada ya hapo jina linaweza lisionekane kurasa nyingi, ilhali mwenyewe anasema kila baada ya dakika chache. Akiwa kitini huandikwa SPIKA na nukta pacha, basi. Mawaziri nao huandikwa kwa wizara zao. Profesa akiwa mbunge wa kawaida utampata kwa jina. Akipewa wizara, jina linafifia na cheo kinachukua nafasi. Kwa hiyo andaa kwanza orodha ya vyeo vyake na tarehe alizovishika, halafu tafuta cheo kimoja kimoja ndani ya tarehe hizo.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Bunge zima likikaa kama Kamati ya Matumizi, yaani kupitisha bajeti fungu kwa fungu, Spika yule yule hugeuka MWENYEKITI, mpaka Bunge linaporudia. Na siku ambayo anayeongoza ni mmoja wa wenyeviti wa Bunge (wabunge wanaomshikia Spika kiti), naye pia huandikwa MWENYEKITI. Usimnukuu mtu kabla hujarudi juu kuona nani alikuwa kitini.

Kwa Spika, usitafute hotuba. Kitini habishani hoja. Tafuta "mwongozo", "kuhusu utaratibu" na "Kanuni ya", usome maamuzi yake. Mtu aliyewahi kuongoza seneti ya chuo, yaani kikao chake kikuu cha taaluma, anaonekana hapo kuliko kwingine kokote: anasoma kanuni ipi, anampa nani nafasi, anafunga mjadala kwa sababu gani. Msekwa aliongoza mabunge mawili kamili ya vyama vingi, lile la 1995 na la 2000, kwa hiyo kuna mengi ya kulinganisha.

Njia ya kuingia nayo ina uzito. Rais anaweza kuteua wabunge wasiozidi 10, na wasomi kadhaa wamepitia mlango huo. Dkt. Tulia Ackson, aliyekuwa amidi mshiriki wa sheria pale Dar es Salaam, aliingia kwa uteuzi mwaka 2015, akachaguliwa Naibu Spika, akashinda jimbo la Mbeya Mjini mwaka 2020 na kuwa Spika Februari 2022. Ukilinganisha vipindi kama hivyo, kumbuka kwamba mbunge wa kuteuliwa hana barabara ya jimbo ya kuulizia, na maswali yake huwa ya aina nyingine.

Kwa anayetaka kumpima waziri aliyetoka chuoni, nenda moja kwa moja kwenye bajeti ya elimu, Fungu 46 (namba ya wizara hiyo kwenye bajeti), kati ya Aprili na Juni. Ruka hotuba, ingia Kamati ya Matumizi, pale mbunge anaposhika shilingi ya waziri, yaani kutaka mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja, mpaka apate maelezo. Majibu ya pale hayajaandaliwa mwezi mzima. "Naunga mkono hoja" usiihesabu kama msimamo, maana karibu kila mchango huishia nayo. Michango kwa maandishi nayo imo humo humo. Haikusemwa ukumbini, kwa hiyo usiandike kwamba "alisimama akasema". Na neno kali likiwa chini ya MBUNGE FULANI, halina mwenyewe, usimbandike mtu.

Upande wa mafaili: ni PDF, na kikao kimoja mara nyingi hupita kurasa 100. Jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kipanya. Lisiposhikika, ukurasa ni picha na utafutaji hautafanya kazi. Katika mafaili mengi, kichwa "NAKALA MTANDAO" hurudiwa kila ukurasa na huingia katikati ya sentensi unaponakili. Kifute, halafu soma upya ukurasa uliotangulia, maana jina la msemaji huenda limebaki huko. Ukipakua, ipe faili tarehe ya kikao na cheo cha aliyeongoza.

Miaka ya chuoni yenyewe haimo. Kumbukumbu za seneti na baraza la chuo hazipiti bungeni, hivyo kwa Msekwa wa 1970 hadi 1977 itabidi uende maktaba ya chuo na magazeti ya wakati ule.