TAHADHARI: "Flaneli" ya ukuta wa kupangia bloku inayouzwa Instagram si flaneli

Ndugu zangu mafundi na wote mnaoshona mifarishi ya vitenge hapa Dar, kuna muuzaji anajitangaza Instagram kwamba ana flaneli ya kutengenezea ukuta wa kupangia bloku, yaani vile vipande vya vitenge vinavyounganishwa kuwa mfarishi. Msimtumie hela. Mimi nimeshaliwa shilingi 65,000 pamoja na hela ya boda, na kuna dada mwingine wa Tabata kaliwa vilevile.

Kwa ambaye hajautumia: ni ubao unaosimamishwa ukutani, umevikwa kitambaa cha pamba chenye manyoya mafupi, kile cha nguo za vichanga. Kitenge kikigusa yale manyoya kinashika chenyewe bila pini. Unahamisha bloku, unarudi nyuma hatua tatu, unaangalia rangi zinavyokaa. Anayepangia sakafuni anaijua adha yake, mtoto akipita mbio tu kazi yote imevurugika.

Alinitumia kwanza sampuli ya ukubwa wa kiganja. Ilikuwa flaneli halisi, nikaridhika. Nikanunua plaiwudi mbili nyembamba za futi 4 kwa 8, nikaagiza kwake mita 5 za upana wa inchi 60, mita mbili na nusu kwa kila ubao. Akataka hela yote kwanza. Nikalipa.

Mzigo umefika jioni, naupima: sentimita 457. Hizo ni yadi 5, si mita 5. Kila ubao ukabaki wazi kama sentimita 15 chini. Nikampigia, akasema, "Dada, vitambaa vyote vinapimwa hivyo." Si kweli. Ukiuziwa mita upewe mita, na Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili ya mambo kama haya.

Bado nikavumilia, nikakivika hivyohivyo. Nilipanga bloku zangu 64 za inchi 9 mpaka saa sita usiku, mfarishi wa mdogo wangu anayeolewa. Asubuhi naingia chumbani, zaidi ya nusu ziko chini, zimelaliana karibu na mguu wa cherehani. Mpangilio wa siku nne umepotea. Nililia, sifichi.

Muuzaji akadai vitenge vyangu vina wanga wa kukazia kitambaa, ndiyo maana havikushika. Vyote nilishavifua mara mbili kabla ya kukata. Nikachukua uzi wa sampuli na uzi wa kitambaa alicholeta, nikavichoma kwa kiberiti juu ya sahani. Wa sampuli ulinuka kama karatasi inayoungua, ukaacha majivu laini. Wa pili uliyeyuka, ukajikunja, ukabaki kitone cheusi kigumu. Hiyo ni poliesta. Nilipomtumia picha, akaifungia namba yangu. Fremu aliyosema iko mtaa wa Kongo nimeiendea mwenyewe, wanauza vyombo vya plastiki, hawamjui.

Kuna kitu kwenye video yake sikukiona mapema: ubao umeegemezwa, haujasimama wima. Ukiwa umelala vile hata karatasi itakaa.

Mnaotaka kutengeneza huu ukuta, nendeni Kariakoo na bloku yenu kwenye mkoba. Mwombe mwenye duka akishike kitambaa wima, bandika bloku, mwambie akitikise. Isipodondoka, apime mbele yako, ndipo utoe hela. Nimefanya hivyo Alhamisi na safari hii nimepata flaneli yenyewe. Wengine wanatumia ile pamba ya katikati ya mfarishi, nayo inashika vizuri, mradi iwe pamba kweli.

Namba yake nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda kituo cha polisi Msimbazi na kitambaa, sampuli na ujumbe wa muamala. Kama na wewe alikuuzia, nitumie ujumbe inbox tuongozane, na kitambaa alichokuletea usikitupe.