Treni ya bati ya kutia ufunguo kwa vumbi la Dodoma

Mabehewa ya treni hii ya kuchezea yameungwa kwa vilimi vya bati vilivyokunjwa, hayana gundi. Ndiyo raha yake: likipinda, unalinyoosha kwa plaizi. Ila usikunje kilimi kile kile mara nyingi, kitakatika. Reli ni kipimo O, yaani milimita 32 kati ya reli mbili, kile kile walichoanza nacho Hornby, watengenezaji wa treni za kuchezea wa Uingereza, mwaka 1920.

Adui ni vumbi la kiangazi. Linaganda kwenye mafuta ya ekseli, treni inakwama na springi bado imejaa. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu! Treni ya umeme inasumbua zaidi: reli chafu hazipitishi umeme, na ukizisugua kwa msasa, unakwangua tabaka la bati la juu yake, kutu inaingia. Kwa meza ya maonyesho, chukua ya ufunguo.