Uzoefu wangu: rangi na mapambo ya nyumba ya ghorofa ya juu kabisa, Milimani, Kisumu

Nianze na mnachotaka kujua. Kazi ya rangi ya ndani niliyofanyiwa ningeilipia tena bila kunung'unika. Kazi ya mapambo, hapana. Na vyuma vya roshani ni kesi ambayo bado tunaivuta mimi na wao, ndiyo maana jina la kampuni silitaji. Anayetafuta fundi atafaidika zaidi akijua aulize nini kabla hajatoa hela.

Nyumba yenyewe iko Milimani, mtaa wa zamani wa wakubwa wa enzi ya ukoloni. Wanaoujua wanakumbuka bungalo za vigae, veranda pana na viwanja vya kupotelea. Nyingi zimevunjwa, na mahali pake yamepanda majengo kama letu, ambalo ghorofa yake ya mwisho ina vioo kuanzia sakafuni hadi darini upande wa magharibi. Mimi na mume wangu tunaipangisha kwa wageni wa siku chache, watu wanaolipa vizuri na wasiosamehe kitu. Mgeni wa namna hiyo akiona doa ukutani hakuambii. Anapiga picha.

Mafundi wengine walikuja, wakazungusha macho sebuleni na kutaja bei kabla hata hawajafika jikoni. Msimamizi wa kampuni hii alikuja na kipima unyevu. Akakichomeka kwenye ukuta wa jikoni, ambao tulikuwa tumeupiga plasta upya baada ya kuhamisha mabomba, akatikisa kichwa. "Mama, huu bado mbichi. Nikipaka leo utanitafuta." Akanieleza kwamba plasta mpya ya simiti huhitaji takriban wiki nne kukauka na kutulia. Ukiiharakisha, maji yaliyomo yanatafuta njia ya kutoka, yanasukuma chumvi nyeupe juu ya ukuta, rangi inafanya malengelenge. Kisha ukali wa simiti yenyewe unakula rangi isipotangulizwa praima, yaani koti la kwanza la kushikiza rangi, inayostahimili. Tulikuwa na wageni wamepanga kuja. Tuliwaahirisha, na mume wangu alilalamika sana kuhusu hilo. Ukuta wa jikoni leo hauna hata chunusi.

Dari nayo ilikuwa na doa la manjano karibu na kona, maji ya paa. Hawakuligusa mpaka mwenye jengo alipoziba paa, na hapo pia nawapa maksi, maana fundi mwingine alikuwa ameshaniambia koti mbili zitalifunika.

Lakini kilichonishinda ubishi ni habari ya mwanga. Ghorofa ya chini hamna shida hii. Huku juu, jua la jioni likikaribia ziwa linaingia kwa ubavu, linapita sambamba na ukuta wa sebule, na kila bonde na kila mgongo wa rola unatoa kivuli chake. Msimamizi alisubiri wakati huo makusudi. Sehemu ambazo jua halifiki aliegemeza tochi ukutani, akamulika kwa chini, na kila alipoona kivuli alizungushia duara la penseli. Alipomaliza, sebule ilikuwa kama mtoto mwenye tetekuwanga. Ukuta ambao mimi nilikuwa nimeuona mnyoofu miaka yote! Wakapiga skimu upya, ile plasta laini nyembamba ya kusawazisha ukuta, wakasugua kwa msasa, wakamulika tena, wakarudia. Vumbi lake usiniulize; liliingia hadi kwenye droo za vijiko japokuwa walifunika kila kitu kwa nailoni.

Mimi nilitaka silki kila mahali, kwa sababu ule mng'ao ndio watu wengi tunaouhesabu kuwa ndiyo rangi ya bei. Hakubishana nami. Alipaka kipande cha silki na kipande cha rangi isiyong'aa, pembeni kwa pembeni, akasema nirudi jua likishuka. Kile cha silki kilionyesha hata mahali brashi ilipokutana na rola. Kwa hiyo sebule ikapata rangi isiyong'aa, nyeupe yenye udongo kidogo ndani yake, na silki ikaenda kwenye korido na jikoni, mahali panapofutwa kwa kitambaa kila siku. Kwa ukuta mmoja wa chumba cha kulala nilikuwa nimechagua nyekundu ya kuwaka. Akaniuliza kama niko tayari kuipaka tena baada ya muda mfupi, kwa sababu hapa tuko karibu juu ya ikweta, na nyekundu za namna hiyo zikipigwa na jua kupitia kioo hupauka haraka. Rangi za udongo, zile za kahawia na nyekundu ya kutu, hustahimili. Tukachukua rangi ya kutu. Imependeza kuliko ile niliyoitaka, ingawa mbele ya mume wangu nasema zilikuwa sawa tu.

Halafu kuna wadudu wa ziwani. Aliyekaa Kisumu anajua: jioni nyingine, hasa mwezi unapokuwa mchanga, wanatoka ziwani kwa mawingu na kukimbilia taa. Rangi mbichi na taa ya sebule ya ghorofa ya juu ni karamu yao. Hawa mafundi walikuwa wakiacha kupaka mapema alasiri ili koti ishike kabla ya giza, wanafunga madirisha na kumwagiza mlinzi asiwashe taa yoyote upande wetu. Jirani yetu alipakiwa rangi na watu waliotoka mbali na ziwa, wakafanya kazi hadi usiku ili wawahi basi. Ukiupitisha mkono kwenye ukuta wake unahisi kama mchanga. Si mchanga.

Kuna mlango mmoja ningependa kuutaja. Ni wa mvule, tuliununua kutoka bungalo iliyokuwa ikivunjwa mtaani humu humu, umepakwa rangi ya mafuta juu ya nyingine tangu sijui enzi ya nani. Nilidhani watauwekea mashine ya msasa na kumaliza asubuhi moja. Walikataa. Rangi za zamani za mafuta mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Siku hizi kiwango cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa milioni, ila mlango ule ulipakwa zamani, wakati hakuna aliyepima. Wakaulainisha kwa dawa ya kutolea rangi, wakaukwangua ukiwa umelowa, maganda yakakusanywa kwenye mfuko, nao wamevaa barakoa. Chini ya yote ikatokea mbao ya rangi ya asali yenye mistari myeusi. Vanishi tu, basi. Kila mgeni anaugusa anapopita.

Sasa mapambo. Mrembeshaji wao alikuja na picha za simu: marumaru bandia, maua ya plastiki, fremu za visiwa vya Ugiriki. Ugiriki! Ziwa liko hapo dirishani, na Dunga, hapa hapa ufukweni Kisumu, unapata mikeka na vikapu vya mafunjo vilivyofumwa na watu wa hapo hapo, Tabaka kule Kisii wanachonga mawe ya sabuni ambayo wageni wanayabeba hadi Ulaya. Alichoniletea kingeweza kuwekwa hoteli ya mji wowote duniani, na bei yake ilionekana imeongezewa cha juu. Nilirudisha karibu vyote, ada ya ushauri wakaikata hata hivyo. Kama unawaita, waite kwa rangi pekee, na uandikishe kwenye mkataba kwamba mapambo ni juu yako.

Vyuma vya roshani ndivyo vilivyonikasirisha. Ni mabomba yaliyopakwa zinki kiwandani, na mafundi wengine, si wale wa ndani, walipiga rangi ya mafuta moja kwa moja juu yake. Zilipita mvua za masika tu, rangi ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, vipande vizima vinabaki mkononi. Rangi ya mafuta na zinki hazipatani. Zinki huivunja kwa chini na kuigeuza kitu kama sabuni. Lazima chuma kisafishwe, kipitishiwe praima yake maalumu, ndipo rangi ifuate. Msimamizi yule yule aliyenifundisha mambo ya mwanga alipokuja kuona hakujitetea, lakini ofisi yao iliniandikia kwamba ni "hali ya hewa ya ziwa". Ziwa halikujificha siku waliyokuja kupima.

Kwa hiyo salio nimelishikilia, na mkataba unaniruhusu kwa sababu tuliandika kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya ukaguzi. Wameahidi kuja kukwangua vyote na kuanza upya. Nimewaambia kopo la praima lifunguliwe mbele yangu.