Ngao ya mbele ya trekta niliyochomelea mwenyewe: ripoti baada ya misimu miwili

Naanza na kilichonifanya nishike mashine ya kuchomelea. Nilikuwa nafyeka majani marefu, trekta iko gia ya chini, macho yangu yako nyuma kwenye mashine ya kufyekea kama kawaida, mara nikasikia kishindo kidogo tu halafu mlio wa feni ukabadilika ukawa tra-tra-tra, na kabla sijazima injini mvuke ulishatanda juu ya boneti. Tawi kavu lililokuwa limelala kwenye majani, nene kama kifundo cha mkono, lilikanyagwa na tairi la mbele likainuka, likachoma grili, likapenya rejeta likaenda kukutana na feni. Grili yenyewe ni plastiki. Nyuma yake kuna nafasi ya kiganja halafu ni rejeta moja kwa moja. Ukikaa kule juu kwenye kiti unaiona ile boneti ndefu unahisi mbele yako kuna chuma kizito, kumbe pale ndio mahali palipo laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya trekta.

Basi hii ngao nimeitumia misimu miwili kamili, imegonga vitu, imepinda, imepasuka mahali pamoja nikairudia, kwa hiyo nadhani sasa naweza kusema uzuri na ubaya wake. Naipa 8 kwa 10. Kama ningeandika baada ya mwezi wa kwanza ningeipa 4, na nitaeleza kwa nini.

Fremu ni bomba la mraba la 50 kwa 50, unene milimita 3. Upana wa ndani sentimita 68, urefu wa kwenda juu 75, inafunika grili yote na taa zinabaki wazi. Chini kuna pleti mbili za milimita 10 zinazofungwa kwenye lile chuma la kalibu, yaani lililomiminwa likiwa limeyeyuka, linaloshika ekseli ya mbele, kwenye matundu ambayo tayari yapo ya kufungia vizito vya mbele. Sikutoboa tundu hata moja kwenye trekta na nakusihi na wewe usitoboe. Bolti ni za milimita 16, nne kila upande, za daraja 8.8 (kipimo cha uimara wa bolti), hiyo namba imechongwa kwenye kichwa cha bolti, kama haipo usiichukue hata kama inaonekana nene. Nikakaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta, na baada ya siku ya kwanza ya kazi nikarudia kukaza zote, mbili zilikuwa zimelegea kidogo.

Sasa hapa kwenye unene wa chuma ndio watu wengi wanakosea, na mimi nilikuwa karibu nikosee. Kila niliyemwambia nataka kutengeneza ngao alinishauri nitumie chuma kinene kabisa, reli, bomba la milimita 8, yaani trekta iwe kama kifaru. Fikiria kidogo nguvu ya kugonga inaenda wapi. Haipotei. Kama ngao haipindi hata kidogo basi kishindo chote kinashuka kwenye bolti na kutoka kwenye bolti kinaingia kwenye chuma cha kalibu cha trekta, na chuma cha namna hiyo hakina tabia ya kupinda, kinapasuka. Ukikipasua hicho hujaharibu ngao, umeharibu mfupa wa trekta, maana ekseli ya mbele imening'inia hapo hapo. Ngao inatakiwa iwe dhaifu kuliko kitu inachofungwa nacho. Ipinde yenyewe kwanza, utaitoa, utakata kipande, utachomelea kingine, maisha yanaendelea. Bomba la milimita 3 limenipa hicho kitu na nitasema lilivyofanya siku lilipojaribiwa.

Uzito wote umefika kama kilo 43 hivi: bomba peke yake, kama mita 5.8 kwa kilo 4 na kidogo kila mita, ni kilo 25, pleti 9 na nusu, zilizobaki ni nondo. Sio mbaya, kwa sababu nikinyanyua kifaa kizito nyuma naona mbele imetulia zaidi kuliko zamani. Ila usisahau kuuhesabu huo uzito pamoja na vizito vingine vya mbele, kitabu cha trekta kinasema mwisho wa mzigo wa ekseli na hilo sio la kukisia.

Nirudi kwenye zile alama 4 za mwezi wa kwanza. Toleo la kwanza niliziba fremu kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, nilitaka hata kijiti kisipite, na kwa macho lilipendeza sana. Siku ya tatu nikiwa nafyeka mchana mshale wa joto ukaanza kupanda, nikasimama, nikaangalia, wavu wote umevaa makapi na mbegu za majani kama blanketi, ukiweka mkono mbele yake husikii hewa inavutwa kabisa. Nikapangusa kwa mkono, mshale ukashuka, baada ya nusu saa umerudi juu. Rejeta inaishi kwa hewa jamani. Feni inavuta kutoka mbele, kwa hiyo chochote kinachoelea kinakimbilia kwenye tundu la karibu, na tundu dogo linajaa haraka kuliko kubwa. Nilivumilia karibu mwezi mzima, nasimama kila mara kupangusa, nikichelewa injini inachemka, na injini iliyochemka sana inaweza kukuondolea gasketi ya silinda hedi, hasara ambayo ni kubwa kuliko hilo tawi nililokuwa nalikimbia.

Nikakata wavu wote nikaweka nondo laini za milimita 12, zimesimama wima, 13 kwa jumla, nafasi kati ya moja na nyingine ni milimita 37. Ukipiga hesabu asilimia 77 ya uso wa ngao iko wazi, hewa inapita kama hakuna kitu. Makapi yanapita pia, ndio, yanaenda kukaa kwenye ule wavu mwembamba wa trekta yenyewe ulio mbele ya rejeta ambao kazi yake ni hiyo na unatoka kwa mkono kusafishwa. Kazi ya ngao ni kuzuia matawi, visiki na nguzo, vumbi sio kazi yake. Halafu wima ina maana yake: nilijaribu kipande cha majaribio cha nondo za kulala, majani marefu yananasa na kujikunja humo, kwenye nondo za wima yanateleza yanashuka chini yenyewe. Tangu nibadilishe mshale wa joto unakaa pale pale ulipokuwa unakaa kabla sijafunga ngao.

Kosa lingine la toleo la kwanza lilikuwa kufunga ngao moja kwa moja bila bawaba. Boneti ya trekta yangu inafungukia mbele, kwa hiyo kila nikitaka kuangalia maji au kusafisha ule wavu nilitakiwa nifungue bolti. Ukweli ni kwamba kitu kikiwa kigumu kufungua hutakifungua, utasema kesho, na rejeta itaziba. Sasa hivi chini kuna masikio mawili kila upande yenye pini ya milimita 20, juu yake kuna pini nyingine ya kufungia yenye klipu. Natoa pini mbili za kufungia, naishika ngao, nailaza mbele taratibu, mnyororo mfupi unaizuia isidondoke mpaka chini. Dakika moja. Nyuma ya kila mguu nimechomelea kizuizi ili ikigongwa isilale upande wa grili, na kati ya ngao na grili nimeacha sentimita 10, hiyo ni nafasi ya kupinda bila kugusa plastiki. Kabla hujachomelea masikio fungua boneti mpaka mwisho na uone inapita wapi, usitegemee tepu peke yake.

Kwenye kuchomelea sitarefusha. Kazi yote nimeifanyia chini, sio juu ya trekta, nilipachika nikapima nikatoa. Pale nilipolazimika kushika nukta mbili tatu (vidoa vidogo vya kuchomelea vya kushikilia tu) ikiwa imefungwa, nilitoa kwanza waya hasi wa betri na klempu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, nikaibana kwenye ngao yenyewe karibu kabisa na nilipokuwa nachomea, kwa sababu umeme wa kuchomelea ukitafuta njia kupitia beringi au alteneta ni hasara. Rodi (vijiti vya kuchomelea) ni za aina ya 6013 za milimita 2.5, ampia 80 hivi kwenye bomba. Shika nukta kwanza pembe zote nne, pima mshazari kwa mshazari, zikilingana ndio umalize, tena kwa kurukaruka pande, ukichoma upande mmoja mpaka mwisho fremu inavutika inakuwa kama karatasi iliyolowa. Bomba lenye zinki usilichomee hivyo hivyo, saga zinki yote mpaka chuma cheupe kionekane na ukae mahali pa wazi penye upepo, ule moshi mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku. Na toboa tundu dogo chini ya kila bomba lililozibwa, maji yataingia tu hata ukatae, bora yawe na pa kutokea.

Siku ya majaribio yenyewe ilikuja msimu wa kwanza ukielekea mwisho. Kisiki kilichojificha kwenye majani, mwendo wa kutembea kwa miguu, kona ya kushoto. Trekta ilisimama ghafla nikasukumwa kwenye usukani. Nikashuka nikiwa na hofu na nikaenda moja kwa moja kupitisha vidole kwenye rejeta, kavu. Grili haina hata mchubuko. Bomba la kona limebonyea kiasi cha kina cha kidole na mguu umerudi nyuma kama sentimita 3. Nikafungua bolti zote nane kuangalia, zimenyooka, nikasafisha lile chuma la kalibu kwa brashi ya waya nikalipaka mafuta ya taa nikafuta halafu nikapaka chaki, kama kuna ufa mafuta yangetoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hakuna. Hapo ndipo nilipoamini lile bomba la milimita 3.

Mabaya yake sasa. Msimu wa pili niliona mstari wa kutu mwembamba kama unywele umetokeza juu ya rangi kwenye sikio la kushoto, pale pale mshono unapoishia. Kutu inayotoka kwenye rangi nzima mara nyingi maana yake chini yake kuna ufa. Ni mtetemo, kilo thelathini na kitu zinacheza juu ya pini mbili siku nzima. Nilisaga ufa wote mpaka nikafika kwenye chuma kizima, nikarudia kwa rodi 7018 zilizokaa pakavu, halafu nikaongeza pembetatu ya pleti kwenye masikio yote manne, na kati ya ngao na vizuizi nimeweka vipande vya tairi kuukuu ambavyo vimeua pia ile kelele ya kengele iliyokuwa inaniumiza kichwa. Hizo pembetatu ziweke tangu mwanzo. Kingine ni rangi: red oksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) tabaka mbili na rangi ya mafuta juu, bado imebanduka sana kwenye nondo kwa sababu ya kusuguliwa na majani. Ngao za kiwandani kwenye rangi zinanishinda wazi, na zinakuja zimepimwa kwa trekta yako, unafunga unaondoka. Kama trekta yako iko kwenye garantii, au huna mtu unayemwamini kwenye mshono, nunua ya kiwandani bila kujilaumu. Na kama una kijiko cha mbele angalia kwanza, mara nyingi fremu yake inakuja na ngao yake tayari.

Nimeshaulizwa mara nyingi kama naweza kufunga mnyororo kwenye ngao nivute kitu, au nisukume nayo mti uanguke. Hapana kwa yote mawili. Kuvuta ni kwenye ndoano ya trekta iliyotengenezwa kwa hiyo kazi, na mti unaosukumwa na trekta unaweza kukatika juu ukarudi kumwangukia dereva, ngao ya grili haina msaada wowote hapo.

Bomba la kona lililobonyea sijalibadilisha mpaka leo. Linashika, bawaba zinafunguka bila kukwama, pini zinaingia kwa mkono. Zikianza kuhitaji nyundo ndio nitalikata.