Uzoefu wangu: Hiace otomatiki ya kulala, kutoka vilima vya Mwanza hadi Sekenke

Gari lenyewe ni Hiace ya petroli, injini ya 1TR lita 2, otomatiki ya gia 4. Viti vya nyuma vimetolewa, limewekewa kitanda, jiko, tanki la maji la lita 60, mtungi wa gesi wa kilo 6 na betri ya pili. Kwa kupanda mlima nalipatia alama 7 kati ya 10. Kwa kushuka sitoi alama, maana anayeacha mkono wa gia kwenye D mwanzo hadi mwisho atakwambia gari halina breki, kumbe amezichoma mwenyewe.

Mwanza mjini vilima ni vifupi ila vikali. Ukipanda Bugando au Isamilo, foleni inakusimamisha katikati ya mlima na bodaboda imejibana nyuma yako. Kosa la wengi hapo ni kulishikilia gari kwa mafuta lisirudi nyuma. Kwenye gari la manyuo ungesikia harufu ya klachi. Kwenye otomatiki husikii kitu, lakini toki konveta (inayoshika nafasi ya klachi kwa kutumia oili) inasukasuka oili bure na joto lote linabaki kwenye giaboksi. Kanyaga breki, au vuta handibreki. Wakati wa kuondoka weka L (gia ya 1 pekee), ongeza mafuta taratibu mpaka gari lianze kuivuta handibreki, ndipo uiachie.

Zile barabara za mawe zinazopanda mitaani zikiloa zinateleza. Hiace inasukumwa na matairi ya nyuma, kwa hiyo tanki likikaa juu ya ekseli ya nyuma unapata mshiko mzuri. Likisukumwa hadi mlango wa nyuma, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi.

Mlima mrefu unataka O/D (overdraivu, yaani gia ya 4) izimwe kwa kile kitufe cha kwenye mkono wa gia. Taa ya O/D OFF itawaka kwenye dashibodi. Usipozima, gia inaingia ya 4, inazidiwa, inarudi ya 3, inapanda tena, na kila mzunguko huo unaongeza joto. Lita 2 zenye mzigo huu hazina ubavu wa gia ya 4 mlimani. Sindano ya joto ikianza kupanda, zima AC kwanza.

Kushuka ndiko kwenye kazi. Ukirudi Mwanza kutokea Singida utaishuka Sekenke kuelekea Shelui, malori mbele yako yakitambaa kwa gia ndogo. Waige. Kabla mteremko haujaanza, punguza hadi 40 na uweke 2, ili gari lisipande zaidi ya gia ya 2. Injini italia kwa mizunguko mingi. Si ubovu, mradi sindano ya mizunguko haijaingia kwenye nyekundu. Bado unakanyaga breki kila kona? Shuka hadi 20, weka L. Breki yenyewe ikanyage kwa uhakika, toa kama kilomita 10 za spidi, halafu achia kabisa zipoe. Mguu mwepesi unaoegemea pedali mlima mzima ndio unaochemsha.

Pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto. Ikizama laini kama sponji, fluidi ya breki imechemka na kuwa mvuke. Fluidi mpya ya daraja la DOT 3 inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu, na iliyochakaa inaweza kuchemkia 140. Badilisha kila miaka 2. Breki zikipata moto sana, simama pembeni dakika 30 na usimwagie diski maji, zitapinda.

Na huo ushauri wa vijiweni wa kuweka N (gia huru) ili kuokoa mafuta, uache hapohapo kijiweni. Kwenye gia, ukiachia pedali ya mafuta mteremkoni, nozeli zinafunga na injini inazungushwa na matairi. Kwenye N inabidi ichome petroli ili isizime, nawe umebaki na breki peke yake.

Kuegesha kilimani kuna mpangilio wake: kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia breki ili uzito ulalie handibreki, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote unakaa kwenye kijino kidogo ndani ya giaboksi, na asubuhi mkono wa gia utagoma kisha utoke kwa kishindo. Weka na jiwe chini ya tairi. Mwanza hutalitafuta mbali.

Oili ya gia pima injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gari likiwa tambarare: pitisha mkono P hadi L na kurudi P, kisha toa kijiti, ufute, urudishe, usome alama ya HOT. Nyekundu ni salama. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mpelekee fundi kabla ya safari, si baada.