Kadi ya gari yenye jina la marehemu: nimemtumia wakala, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wakuu. Naandika hii kwa ajili ya yeyote mwenye gari ambayo kadi yake bado inasoma jina la mtu mwingine, maana najua mko wengi sana, hasa nyie wa mkono wa tatu kama mimi.

IST yangu nlinunua 2021 hapa Dar kwa jamaa mmoja, milioni 9 na nusu, yeye aliinunua kwa mzee mmoja wa Korogwe na hakuwahi kubadili jina, akanipa kadi original na mkataba wao wa mwanzo na akaniambia nisiwe na wasiwasi mzee yupo muda wowote atasaini. Nikaendesha tu. Mwaka jana nataka kuiuza nikapiga simu ya mzee, akapokea mkewe, akaniambia mzee alishafariki toka 2022. Aisee nlikaa kimya kwenye simu sijui niseme nini, nampa pole huku roho inaniuma maana nilijua gari imeshakwama, hakuna mnunuzi mwenye akili atakayelipa hela kamili kwa kadi ya marehemu.

Wa kwanza kunishika alikuwa kishoka, yaani wale wa mtaani wasio rasmi, jina simtaji. Alitaka laki 6 akasema mkataba "atautengeneza" na sahihi ya mzee ataiweka yeye. Jamani hiyo ni kughushi, na tarehe ya kifo iko kwenye cheti, siku mtu akilinganisha mkataba na cheti unaweza kwenda ndani hata wewe uliyenunua. Nikakataa.

Ndo rafiki akanipeleka kwa huyu wakala wa kubadilisha umiliki wa magari, kijiofisi kidogo tu, meza mbili na fotokopi, yupo yeye na wakili anayegonga mihuri. Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini, hakuanza na hela. Alitoka nje akafungua boneti, akasoma chasisi namba na injini namba akalinganisha na kadi herufi kwa herufi, halafu akaangalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, nikakutwa na mbili ambazo hata sikuwa nazijua nikazilipa palepale. Akaniambia watu wengi wanalipia kila kitu halafu wanakuja kukwama mwishoni kwa sababu injini ilishabadilishwa na kadi haijui, inabidi kurudi kwa mkaguzi wa polisi upya.

Pia aliniuliza kama kadi niliyonayo ni original. Nikashangaa swali gani hilo, kumbe kuna wauzaji wanasema kadi imepotea wanakuletea loss report ya polisi, kumbe kadi iko kwenye droo ya taasisi ya mikopo imewekwa dhamana. Mkiambiwa kadi imepotea msikimbilie kulipa, ulizeni kwanza kama kuna mkopo.

Sasa kuhusu marehemu, alinielekeza hivi na ndo ilivyokuwa. Mke wa marehemu hawezi kusaini tu kwa sababu ni mke, hata mtoto mkubwa hawezi. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo familia inakaa kikao, unaandikwa muhtasari, unaambatana na cheti cha kifo, wanapeleka mahakama ya mwanzo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na bila pingamizi mahakama inatoa fomu namba 4 ambayo ndo barua ya usimamizi. Hapo ndo nlienda Korogwe mwenyewe, nikabeba ule mkataba wa mzee na jamaa, maana bila ule mkataba familia ingeniona tapeli nakuja kudai gari ya baba yao. Mama yule Mungu ambariki, alipoiona sahihi ya mumewe akaitambua, akaita watoto, akasema baba yenu aliuza gari hii akiwa hai na hela alikula, tumsaidie huyu kijana. Nauli na gharama za mahakama nililipa mimi, ni haki.

Fomu ilipotoka yaliyobaki yalikuwa mepesi kuliko nlivyodhani. Mkataba mpya kati yangu na msimamizi, picha za passport, muhuri wa wakili, TIN zetu na vitambulisho vya NIDA, ombi likaingia TRA (mamlaka ya mapato), ikatoka control number, yaani namba ya malipo, nikalipa kwa simu. Kodi ya kuhamisha umiliki 50,000, kadi mpya 10,000, ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei. Yani serikali yenyewe haikuniumiza hata kidogo, iliyoniumiza ni ile miaka nliyokaa bila kubadili.

Wakala alichukua 120,000 yake. Nampa nyota 4. Ile ya tano namnyima kwa sababu simu hapokei, kuna wiki nilipiga siku nne mfululizo nikadhani ameingia mitini na kadi yangu original, na mtu mwenye kadi ya mwenzie mkononi hapaswi kabisa kukaa kimya hivyo. Halafu risiti anaandika kwa mkono kwenye kikaratasi, nilimwambia na akasema atabadilika, sijui. Lakini kazi ameifanya kwa haki na hakuna hata karatasi moja ya uongo kwenye faili langu, hilo kwangu ni kubwa kuliko spidi.

Kama kesi yako ni rahisi, muuzaji yuko hai na anapokea simu, humhitaji wakala, nenda na muuzaji wako mwenyewe mmalize, na hela ya mwisho usimpe mpaka asaini. Ila kama jina ni la marehemu, kabla hujaenda kwa wakala yoyote tafuta kwanza cheti cha kifo na mkataba wa zamani, mimi nlienda mkono mtupu siku ya kwanza nikarudishwa Mbagala na foleni yote ile.