A Soldier's Story: upelelezi unaomchunguza marehemu kuliko muuaji

Nilipoitafuta filamu hii nilitaka mambo mawili tu, mauaji ya kambini na mpelelezi asiyetakiwa pale alipotumwa, na yote mawili nimeyapata. Ni mwaka 1944, katika jimbo la Louisiana, Marekani. Sajini Vernon Waters, mtu mweusi anayesimamia askari weusi wenzake, anarejea kambini usiku akiwa amelewa chakari na anauawa kwa risasi njiani. Jeshi linamtuma Kapteni Richard Davenport, ofisa mweusi ambaye pia ni mwanasheria, kwenye kambi ambayo wengi, weupe kwa weusi, hawajapata kumwona mweusi mwenye cheo hicho. Kila mtu anadhani anajua wauaji, yaani Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, na baadhi ya wakubwa wangefurahi uchunguzi uishie hapo.

Filamu ilitoka mwaka 1984 chini ya uongozaji wa Norman Jewison, naye Charles Fuller aliiandika kutokana na tamthilia yake mwenyewe iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1982. Nguvu yake kubwa ni marehemu. Kila shahidi anayeitwa na Davenport anamrudisha Waters mbele yetu akiwa na sura nyingine: mara ni mchapakazi aliyepigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, mara ni baba anayewatakia watoto wake elimu, mara ni katili anayemwandama kijana C.J. Memphis, mpiga gitaa mpole kutoka Kusini, kwa kuamini kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaowaaibisha weusi wote machoni pa wazungu. Tunamfahamu mtu huyu. Ni yule nyapara wa shamba la bwana mkubwa ambaye fimbo yake iliuma kuliko ya mwenye shamba. Lakini Adolph Caesar, aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa nafasi hii, hamchezi kama shetani, na ukimsikiliza anaposimulia mambo aliyoyaona Ufaransa, unamchukia na kumhurumia kwa pamoja.

Niliitazama nyumbani kwangu Sakina, hapa Arusha, pamoja na jirani yangu ambaye ni sajini mstaafu aliyewahi kufanya kazi Monduli, na bila yeye ningepitwa na mengi. Alinionyesha saluti zinavyochelewa Davenport anapopita, na jinsi ofisa mweupe anavyoweza kutii amri huku mwili wake ukikataa. Askari Wilkie alipoeleza alivyonyang'anywa tepe zake, mzee alisimamisha filamu ili anifafanulie kwamba tepe moja huchukua miaka kuipata. Mwaka huohuo wa 1944 askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kutoka Tanganyika walikuwa Burma chini ya maofisa wazungu, kwa hiyo mambo ya kambi ile hayakuwa mageni kwetu kama ramani inavyoweza kudanganya.

Wanaoifuata kwa ajili ya Denzel Washington wajue kwamba hapa si steringi. Anacheza Peterson, askari mwenye miwani asiyekubali kuonewa, na kila anapoonekana jicho linamfuata yeye. Muziki wa Herbie Hancock umekaa mahali pake.

Kasoro zipo, na nyingi zinatokana na asili ya jukwaani. Mpangilio ni shahidi kuketi, kuulizwa, kisha tukarudishwa nyuma. Baada ya muda unajua mapema picha itakatika wapi. Davenport ameandikwa kwa ukavu mno: Howard E. Rollins Jr. anasimama vizuri na sauti yake ina mamlaka, lakini mtu huyu hana nyumba wala hofu yake mwenyewe, hata nikamjua marehemu kuliko mpelelezi aliye hai. Anayependa kukisia muuaji hatapewa vidokezo vya kutosha, kwani ukweli unafunuliwa kwa kukiri kuliko kwa ushahidi, na asitarajie kukimbizana katika dakika zote 101. Tena nakala niliyoikodi mtandaoni haikuwa na manukuu ya Kiswahili, ilhali lahaja ya askari wale ni nzito hata kwa anayekijua Kiingereza vizuri. Watoto wasiitazame, kwa sababu ya matusi ya ubaguzi na tukio la kujiua mahabusu.

Kinachonikera zaidi ni mwisho, ambao nitauzungumzia bila kumtaja muuaji. Katika tamthilia, Davenport anatuambia kwamba kikosi kizima kiliangamia vitani Ujerumani, na taarifa hiyo inafanya kesi nzima ionekane kwa uchungu mwingine. Filamu imeiondoa na badala yake inatupa gwaride la askari wanaoondoka kwa shangwe, pamoja na maelewano ya haraka kati ya Davenport na Kapteni Taylor, mzungu aliyempinga tangu mwanzo. Naona waliogopa kumrudisha mtazamaji nyumbani akiwa na huzuni. Jirani yangu alikataa katakata: kwake yeye, askari aliyezoeshwa kazi za kufagia na kubeba mizigo lazima ashangilie anapoambiwa anakwenda mstari wa mbele, na eti mimi nayapinga hayo kwa sababu sijawahi kuvaa buti.